Chipu ya Miguu Ishirini na Nane

Enzi zetu kaseti ya gemu haikutupwa. Ikifa, ilipelekwa Kirumba kwa Fundi Masanja, fundi redio, naye aling'oa chipu kwa chuma cha kulehemu na kupachika nyingine kutoka kwenye kopo la maziwa lililojaa chipu za kaseti kuukuu. Kijana wa leo gemu likigoma analifuta, anapakua jingine, na bado analalamika amechoka.

Kaseti yetu ya mpira wa miguu ilikufa tulipomaliza darasa la saba. Pacha wangu Kulwa alichaguliwa sekondari ya bweni, Tabora. Mimi, Doto, nilipata ya kutwa, hapahapa Mwanza. Sikuwahi kumshinda Kulwa kwa lolote, hata kuzaliwa. Zilibaki siku mbili aondoke.

Fundi alichagua chipu kwa kuhesabu miguu yake ya chuma.

"Ishirini na nane kwa ishirini na nane," alisema. "Haina ubishi."

Jalada lilibaki na picha ya mchezaji mwenye njumu. Lakini kwenye televisheni walitokea watu wawili, katikati wavu, kila mmoja ameshika kitu tulichokubaliana ni kikaango. Tukapanga: wa kwanza kufikisha magoli matatu ndiye mshindi. Nikafunga la kwanza, ikaandika 15. La pili, 30. La tatu, 40.

"Nimeshinda!"

"Arobaini siyo tatu, bwana. Chipu mbovu hii."

Nikafunga la nne. Ikaandika sifuri.

"Ona sasa," Kulwa akasema. "Hata ulichokuwa nacho umenyang'anywa."

Tukarudi Kirumba.

"Shikamoo, Fundi. Inawaka, ila haijui hesabu."

"Marahaba." Akalehemu upya miguu yote, akajaribu. Kumi na tano. Akazima. "Matokeo yamefutwa. Mrudie."

Hatukurudia. Ulikuwa mgao wa umeme, na ulipokwisha Kulwa alikuwa ameshapanda treni.

Nilikuwa mtu mzima, nakula chipsi hotelini, nilipoona tenisi kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Kumi na tano, thelathini, arobaini, kisha aliyefunga la nne akashinda mchezo na hesabu ikaanza upya: sifuri. Nikampigia Kulwa.

"Nilijua tangu kidato cha kwanza," akasema. "Shuleni kulikuwa na uwanja wake."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuwa nimeshindwa, halafu niko Tabora. Ningelipiza wapi?"

Wanangu wakishindana, simu inamtangaza mshindi kabla hawajainua vidole. Hawabishani, kila mmoja anarudi chumbani kwake. Sisi ubishi wetu ulidumu miaka ishirini, na siku ulipokwisha tulikosa cha kuongea, tukaulizana hali ya hewa.