Siku Niliyoisasisha Bibo

Chini ya kioo cha kompyuta ya kaka yangu kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USISASISHE. Mimi ndiye niliyeongeza chini yake, kwa penseli, "sawa mkuu".

Kompyuta yenyewe tuliiita Bibo. Kaka aliiunga mwenyewe, boksi kutoka kwa huyu, kadi ya picha kutoka kwa yule, halafu akaiwekea mfumo ambao kwa haki yake hukaa kwenye zile mashine za bei mbaya zenye alama ya tufaha lililong'atwa. Mteja mmoja aliwahi kuuliza mbona hii haina tufaha. Nikamjibu kwamba hapa Masasi matufaha hayaoti, sisi tuna mabibo. Jina likaganda. Na lilifaa, maana bibo, lile tunda la mkorosho, mbegu yake inaning'inia nje, na mashine hii nayo roho yake ilikaa nje. Ilikuwa flashi ndogo nyeusi. Usipoichomeka wakati wa kuwasha, Bibo ni boksi la bati tu. Ikishawaka, kaka huichomoa na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu dukani kwetu kitu kinachoonekana huombwa.

Duka ni studio ya kurekodi na kuhariri video za harusi na sherehe. Kwa kuwa harusi si za kila siku, tunarushia watu nyimbo pia. Mtu analeta flashi yake, anasema anataka nini, unamjazia kwa laptop kuukuu iliyopo kaunta. Hiyo ndiyo kazi yangu shule ikifungwa.

Siku hiyo kaka alikwenda Tandahimba kurekodi harusi. Alibeba kamera na kadi zote za kumbukumbu, zote zimefutwa, safi. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Dogo, video ya bibi imo humo ndani peke yake. Sina nakala."

"Kwani nitaila?"

"Wewe usiguse tu."

Video ya bibi ilikuwa ya Kitangari, siku watoto wa baba mkubwa walipotoka jandoni. Bibi aliwapaka unga kwenye paji la uso na kuwaombea dua ndefu kwa Kimakonde, akachomeka na matusi mawili ya kiutani katikati. Wiki chache baadaye alifariki. Kesho ya siku hii ninayoisimulia ndiyo ilikuwa arobaini yake, na mama alishaomba kwamba baada ya dua watu wa nyumbani wakae wamsikie. Sauti yake haikuwapo popote pengine.

Nilijua yote hayo, na bado nikabonyeza.

Sababu yangu ni ya kijinga. Programu ya kuhariri ilikuwa inagoma, inasema inataka mfumo mpya. Nami nilikuwa nimetazama video ya jamaa mmoja mtandaoni, akasasisha mashine kama yetu huku anakula chipsi. Nikaona kaka atarudi jioni akute Bibo mpya, aibandue karatasi yake mwenyewe kwa heshima. Ikaandika zimebaki dakika arobaini. Nikakaa kaunta, miguu juu, kama mwenye duka.

Hapo akaingia mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, jicho moja limefungwa pamba. Alikuwa ametoka hospitali, kule Mkomaindo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nijazie kaswida. Mimi fundi baiskeli, pale Newala karibu na soko, nikifanya kazi nataka kusikia maneno ya maana."

Akaweka flashi yake kaunta. Nikaichomeka kwenye laptop, ilikuwa tupu kabisa, nikairushia kaswida. Halafu shetani akanipitia. Kwenye laptop nilikuwa na faili la sauti nililorekodi kaka akikoroma, dakika nne nzima, mkoromo wa trekta lililokwama kwenye mchanga. Nikalitia katikati ya kaswida. Nilimpa mzee flashi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaniombea maisha marefu.

Hakuwa amefika mbali Bibo ilipojizima na kujiwasha yenyewe. Kioo kikawa cheusi, na mstari mmoja mweupe ukasema hakuna diski ya kuwashia.

Sikuogopa bado. Nilikumbuka kwamba ukisasisha inajizima na kujiwasha mara kadhaa, na kila mara inaitaka flashi yake. Nikaenda kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu. Asubuhi, baada ya kuwasha, niliiweka kaunta badala ya kuitundika. Kaunta kulikuwa na flashi moja nyeusi. Nikaichomeka kwenye Bibo, mstari uleule. Nikaichomeka kwenye laptop. Ilikuwa na mawaidha ya ndoa na picha za baiskeli.

Kumbe ile "tupu" ndiyo ilikuwa yetu. Mafaili ya kuwashia hujificha, ukiifungua kwa laptop huoni kitu. Roho ya Bibo ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu ya yule mzee, inakwenda Newala, na kaka anakoroma ndani yake.

Nilikimbia hadi stendi. Gari la Newala lilikuwa limeondoka. Nikarudi, nikamwambia fundi cherehani jirani yetu aniangalizie duka, na asiguse waya wowote wala asimruhusu mtu kuugusa.

"Kuna nini humo ndani?" akauliza.

"Bibi yangu," nikasema. Akaniangalia vibaya.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu ya woga. Umeme ukikatika huku mashine iko katikati, haiko huku wala kule? Mzee akiiangusha flashi? Akimpa mjukuu wake akaifute? Gari lilipoanza kupanda kuelekea juu nilijaribu kutunga uongo wa kumwambia mama, na kila uongo uliishia mama akiwa amekaa mkekani, watu wamemzunguka, wanangoja sauti.

Nilimsikia mzee kabla sijamwona. Yaani nilimsikia kaka. Mkoromo ulikuwa unatoka kwenye redio ndogo iliyofungwa kwenye baiskeli, na wateja watatu wamekaa kwenye benchi wanasikiliza kwa makini.

"Huyu anakaribia kufa," mmoja wao alisema.

"Subiri," mzee akasema, "mara ya kwanza pia nilidhani hivyo, akaamka."

Akaniona. Lile jicho moja lilinitosha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu anayekoroma ni shehe gani?"

Nikamweleza yote. Sikuchekesha, hata nilipotaka sikuweza. Alisikiliza huku anakaza spoki. Nilipofika kwa bibi na arobaini aliacha kukaza.

"Wewe umenitania, na mjukuu ana haki ya kumtania babu yake," akasema. "Ila utani una faini. Chukua hayo madumu mawili, kateke maji."

"Babu, nachelewa. Mashine iko katikati."

"Na mimi kiu iko katikati."

Watu wa kule wanajua maji yalivyo mbali. Niliteremka nikikimbia, nikapanga foleni nyuma ya akina mama, nikimuamkia kila mmoja kwa matumaini kwamba atanipisha. Mmoja alinipisha. Wengine walisema kijana mwenye adabu kama mimi atavumilia. Nilipanda kilima na madumu, maji yananimwagikia miguuni, na nilichokuwa naona ni mstari mweupe tu kwenye kioo cheusi.

Mzee alinipa flashi. Nikamwachia ya kwake, nikaahidi kwamba akija kliniki nitamjazia upya, bila trekta.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa mbele ya Bibo. Umeme ulikuwepo. Nikachomeka flashi, nikawasha. Maandishi meupe yakaanza kushuka mbio, mamia ya mistari, kisha yakasimama. Nilisoma mstari wa mwisho mara ishirini bila kuuelewa. Fundi cherehani alikuja kusimama nyuma yangu.

"Imekufa?"

"Usiseme hivyo."

Ukatokea mstatili mwembamba unaojaa taratibu, zimebaki dakika kumi na mbili. Zikabaki kumi na mbili kwa muda ambao naapa ulizidi saa. Nilikuwa nimeishika flashi kwa vidole pale ilipochomekwa, kana kwamba nikiiachia itatoroka tena kwenda Newala.

Bibo ilifunguka kaka akiwa anashusha begi la kamera mlangoni. Nilikimbilia folda. Video ilikuwepo. Nikaicheza: bibi, unga mkononi, midomo inakwenda. Kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya.

"Mbona haina sauti?" kaka alisema juu ya kichwa changu. Akachukua waya wa spika, akautikisa. "Ina maana siku ile maiki haikushika?" Uso wake ulibadilika. Akatoa simu. "Ngoja nimwambie mama mapema."

Nilikuwa na uongo tayari, tena haukuwa wangu, alikuwa amenitungia mwenyewe. Maiki haikushika. Ningenyamaza tu. Lakini niliona kidole chake kinatafuta jina la mama.

"Kaka, usipige. Nimesasisha."

Aliangalia karatasi yake, akaangalia "sawa mkuu", akaniangalia mimi. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali.

"Mifumo mipya inakataa kadi yetu ya sauti," alisema polepole. "Ndiyo maana niliandika. Leta flashi."

Alinakili kile kipande cha bibi, akachomeka flashi kwenye laptop ya kaunta. Tukainama wote wawili, na fundi cherehani nyuma yetu. Upepo wa Kitangari ukavuma kwenye spika, kuku akalia, halafu bibi akaanza kuomba, akatukana, watu wakacheka, akaendelea kuomba. Kaka aliegemea kaunta kwa mikono miwili. Mimi nilifuta pua kwa shati la shule.

Kipande kikaisha. Laptop ile ikimaliza faili moja huingia linalofuata kwenye flashi, bila kuulizwa, na mimi kwa woga wa siku nzima nilikuwa sijafuta kitu.

Kaka akainua kichwa, akasikiliza trekta likikwama mchangani.

"Huyu nani?"

"Shikamoo kaka," nikasema.