Mkutano wa Jumanne

Mama Vifuniko alikuwa amekula chumvi nyingi katika kampuni ile iliyouza vifuniko vya chupa katika nchi nne. Mume alishatangulia mbele za haki, binti kaolewa mbali, na nyumbani redio tu ndiyo iliyomsemesha. Basi mkutano wa Jumanne kwenye skrini ukawa ndio ukoo wake. Uliitishwa kwa ajili ya mteja mmoja msumbufu: kila ofisi ilileta ilichokijua, na ungerudiwa kila wiki mpaka wakubaliane sentensi moja juu ya shida yake. Huyu akisema mteja bahili, yule akisema ana kisirani, Mama Vifuniko alichochea kuni ili ubishi usiishe. Mtu mzima ovyo, lakini upweke humfunza mtu ujanja.

Safari hii akatumwa kwa mteja mwenyewe, mzee aliyesimamia manunuzi ya kiwanda cha maji. Mzee akamwonyesha kifuniko kinachovuja. Mama akakijaribu, hakivuji. Mzee akatoa kingine, nacho kizima, kisha akammiminia chai ya pili.

"Dada, haraka ya nini? Hapa watu wananipita kama nguzo."

Mama Vifuniko akajiona mwenyewe kwenye kile kiti. Njia nzima alijishauri. Akiwaambia wenzake ukweli, neno limekwisha na mkutano umekwisha. Akinyamaza, mzee atabaki kulalamikia vifuniko vizima ili apate wa kumsikiliza.

Jumanne akasema, "Jamani, vifuniko havina shida. Yule mzee hana wa kuongea naye."

"Wewe umejuaje?" mhandisi wa ofisi ya pili akauliza huku akicheka.

"Nimejua tu, mwanangu."

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha. Meneja akaagiza karani wa ofisi iliyo karibu na kiwanda awe anamtembelea mzee kila wiki, akamshukuru Mama Vifuniko, na mkutano wa Jumanne ukafutwa kabisa. Nyuso zikazimika kwenye skrini, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Wiki iliyofuata, saa ya mkutano ilipofika, hakujua pa kuweka mikono. Akaona bora ampigie mzee, angalau wajuliane hali. Mzee akapokea kwa sauti ya mtu aliyetoka kucheka.

"Dada, niwie radhi, tutaongea siku nyingine. Karani wenu yuko hapa, ana vituko huyu."

"Haya baba, msalimie," akasema, akakata simu. Alifurahi kwa ajili yake, kweli alifurahi, kisha akafunga mlango wa ofisi akalia.