Pumzi Kabla ya Ubeti wa Pili

Wiki jana nilikwenda kununua hedifoni. Binti yangu ndiye aliyenisukuma. Amechoka na mama anayesikiliza mawaidha kwenye simu kwa sauti ya juu mpaka majirani wote wajue shehe leo kasema nini. Nikaingia duka moja mjini. Kijana wa dukani, mstaarabu kwelikweli, akanivisha zile kubwa zinazofunika sikio zima, kisha akaniuliza swali ambalo yeye aliliona dogo. "Mama, nikuwekee wimbo gani wa kupimia? Kila mtu ana wake."

Nikajifanya narekebisha mkanda wa kichwani. Hata mimi ninao wangu, msomaji wangu, tena naujua tangu sijaota meno ya ukubwani. Ila huo hakuna simu wala duka la kuuweka, na aliyeufanya usipatikane tena ni mimi, kwa mikono yangu hii.

Kwetu ni Kibokoni, nyumba ya ngazi za mbao zinazolalamika kila ukizikanyaga. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa naishi hapo na bibi yangu, mamake mama. Mkabala na baraza yetu kulikuwa na chumba cha fundi wa redio. Sisi watoto tulimwita ami, ingawa hatukuwa na udugu naye ila ule wa kuombana chumvi. Alikuwa mgane, mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Asubuhi bibi akikaanga mahamri, harufu ya iliki ilishuka dirishani ikakutana na moshi wa risasi aliyokuwa akichomelea waya. Mpaka leo nikinusa iliki, pua yangu huingojea ile nyingine.

Redio zilimjia kutoka kila pahali. Madereva wa malori ya Shimanzi walimletea zilizozimwa na vumbi, na wenye maduka wa Makupa zilizoangushwa na wateja. Na redio ikishapona haikutoka chumbani mle bila kupimwa. Ami alikuwa na kaseti moja tu ya kazi hiyo, isiyo na jina wala picha, na ndani yake wimbo mmoja.

Ulikuwa wimbo wa vugo, ngoma ya wanawake wa kwetu kwenye harusi. Kwanza zaanza pembe za ng'ombe, zikigongwa kwa vijiti. Zikikuchoma sikio, kuna jambo halijakaa sawa. Yaja ngoma; ikilia kama debe, spika imechanika. Kisha yaingia sauti ya mwanamke mmoja. Akimaliza ubeti wa kwanza vyote vyanyamaza, na kabla hajaushika wa pili, avuta pumzi. Hapo ami alifumba macho na kuinua kidole, na hata sisi watoto tukanyamaza.

"Redio haipimwi kwa kelele," alikuwa akisema. "Hupimwa kwa pumzi."

Pumzi ikisikika, mwenye redio alichukua chake akaenda zake. Isiposikika, bisibisi ilirudi kazini, hata mwenyewe alalamike namna gani. Mimi nilikuwa na kiti changu mle, kopo la rangi lililopinduliwa, na niliyajua mambo ya kaseti kuliko ya jikoni. Nilijua kwamba ukivunja vile vijino viwili mgongoni mwa kaseti hairekodi tena. Na nilijua kwamba ukiziba vitundu vyake kwa karatasi, yarekodi kama mpya. Yote hayo alinifundisha yeye.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilikuwa na miaka kumi, na siku hizo ulimwengu wetu ulikuwa kipindi cha salamu redioni. Nilituma kadi. Nikajigamba shuleni kwamba jina langu litasomwa, na wenzangu wakanicheka. Nikaapa nitawaletea ushahidi. Lakini kaseti za kwetu zote zilikuwa za Qurani. Kufuta Qurani! Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha hiyo Qurani, angenimaliza, na motoni ningekwenda bado nina alama za bakora. Mwalimu huyohuyo alikuwa akituambia kwamba nyimbo ni upuuzi. Basi nikapiga hesabu zangu za kitoto: kufuta Qurani ni dhambi, kufuta ngoma huenda ni thawabu. Tena ami atakwenda dukani apate nyingine, kwani nyimbo si huuzwa?

Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, ami aliweka kigoda mlangoni akaenda kusali. Kigoda ndicho kilichokuwa kufuli lake. Hakuna mtu Kibokoni aliyevuka kigoda cha aliyekwenda msikitini. Mimi nilikivuka. Nikatafuna karatasi, nikaziba vitundu, nikaitia kaseti kwenye redio iliyokuwa ikitoa kipindi cha salamu, nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, nikangoja. Kadi za watu zikasomwa, nyingi, kisha Mungu si Athumani, ikasomwa yangu. Nilimsalimu bibi, nikamsalimu mwalimu, na mwisho nikamsalimu jirani yetu fundi wa redio popote alipo. Nilipoondoka nilitoa karatasi zangu na kurudisha kaseti mahali pake. Wallahi nilitoka mle nikicheka.

Jioni ile bibi alikuwa akipepea makaa ya viazi vya rojo, akiimba kwa chini wimbo uleule. Nikamwuliza, kama mtu asiye na neno, wauzwa duka gani. Bibi akacheka. Akasema hauuzwi popote, ulirekodiwa papa hapa juu, siku ya harusi ya mama yangu. Na aliyeimba ni mke wa ami. Wanaume hawakuruhusiwa kupanda, kwa hivyo ami alisimama ngazini na redio yake, akapitisha waya wa maikrofoni dirishani ili amsikie mkewe. Mwaka haukwisha, homa ikamchukua mwanamke yule. Hakuwahi kurekodiwa siku nyingine. "Sauti hiyo ndiyo aliyobaki nayo mwenzetu," bibi akasema, akageuza viazi.

Sikula. Bibi akanishika paji la uso akasema nina homa, akanipaka mafuta ya karafuu, nami nikamwachia aamini hivyo.

Kesho yake asubuhi dereva mmoja wa lori alikuja kuchukua redio yake ya spika mbili. Mimi nilikuwa dirishani na bibi, tukichambua mchele. Nikamwona ami akiipangusa kaseti kwa kanzu yake, akiitia, akifumba macho. Badala ya pembe akatoka mtangazaji. Ami akafumbua macho, akaitazama redio, akaikaribia kana kwamba amekosea namba ya nyumba. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akageuza upande, akaurudisha. Kisha jina langu likatajwa, la baba yangu, la babu yangu, mtaa mzima ukasikia. Na salamu zikamfikia, popote alipo.

Dereva akacheka akasema fundi kumbe ni mtu mashuhuri, asalimiwa redioni. Akamwuliza kama redio imepona.

"Yasikika," ami akasema.

Aliitoa kaseti, akaigeuza, akavitazama vile vitundu viwili mgongoni mwake, akaitia mfukoni. Hakuinua uso kututazama. Bibi akaendelea kuchambua mchele, ila vidole vyake vilikuwa vikitupa chuya na mchele pamoja.

Wiki mbili baadaye ukaingia mkesha wa Ramadhani. Kwetu siku ya mwisho ya Shaabani watu hutakana radhi. Wazunguka mlango kwa mlango, wasema niwie radhi, wajibiwa nimekuwia, waingia mfungo na nyoyo safi. Bibi alinifunga mtandio, akanishika kidevu. Akaniambia radhi ya jumla ni ya makosa usiyoyajua. Unalolijua, ulitaje kwa jina lake.

Nilianza kwa majirani wote wengine. Ami nilimfanya wa mwisho. Nilimwamkia, akaitikia, nikasimama kando ya kopo langu ambalo sikuwa nimelikalia tangu siku ile.

"Ami, niwie radhi kwa yote niliyokukosea."

Akaweka bisibisi chini. "Nimekuwia radhi."

Nilitaraji aishike tena bisibisi yake. Hakuishika. Alivua miwani, akanitazama kwa upole ambao hata leo sijui niuweke wapi.

"Ndiyo hayo tu, mwanangu?"

Neno lilikuwa hapa kooni, tayari. Nikaangalia miguu yangu.

"Ndiyo hayo tu, ami."

Akatikisa kichwa taratibu, akavaa miwani, akanipa peremende. Toka siku hiyo alipima redio kwa taarifa ya habari, bila kufumba macho. Na mimi nikajifanya mtu wa masomo, nikaacha kukaa mle. Alifariki nikiwa shule ya bweni; bibi aliniandikia barua ya mistari mitatu. Chumba chake sasa chauza mikoba ya watalii. Baraza ipo, imepakwa rangi, haikaliwi.

Yule kijana wa dukani aliniwekea wimbo wake mwenyewe. Sauti safi, kila chombo na mahali pake. Nikafumba macho, nikangojea mwisho wa ubeti wa kwanza. Mwimbaji akaunganisha wa pili moja kwa moja. Nasikia siku hizi pumzi wazikata kwa kompyuta, wasema ni uchafu.

"Siyo hayo tu, ami," nikasema.

Ukivaa vitu vile hujui umesema kwa sauti gani. Nilipofumbua macho duka zima lilikuwa likinitazama. Kijana akanivua taratibu, akaniuliza mama, je, zina kasoro?

Nikamwambia zasikika.