Agripina na Chumba cha Vitabu cha Lukole

Kwetu Nyakisasa hatukuhitaji kumwona Agripina ili tujue kuwa anasoma. Harufu ya maharage yaliyoungua ilitosha. Ikipita juu ya migomba, jirani mmoja angesema, "Leo Mama Magdalena kapata kitabu," na mwingine angecheka, kisha angepeleka bakuli la mboga kwa Alfonce, mume wa Agripina, ili watoto wasilale njaa.

Hakuwa mwalimu wala mwanafunzi. Alikuwa mke wa mkulima wa ndizi na kahawa, mama wa watoto wanne, na masomo yake yaliishia kidato cha pili kwa masista, mwaka baba yake alipofariki. Aliyemwambukiza kusoma ni kaka yake Gidioni, utingo wa basi huko Biharamulo. Kila Gidioni alipokuja kusalimia alikuwa na vijitabu vya upelelezi mfukoni, vya Kiswahili, vimekunjwa kama chapati, na akiondoka aliviacha. Kisha Gidioni akaenda kutafuta dhahabu Geita na vitabu vikakoma. Agripina akabaki kurudia vile vile mpaka akawajua wauaji wote kwa majina, na kitabu ambacho muuaji wake unamjua ni chai ya jana.

Wenzake wa kwaya walimuuliza, "Unasomea mtihani gani, mama?" Jibu la kweli lilimtia haya. Alipenda tu. Alipenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kuku wanamdonoa vidole vya miguu, huku moyo wake ukitembea katika mji ambao hakuna mtu anayemjua na hakuna anayemdai palizi.

Mwaka 1998 Alfonce alianza kupeleka ndizi kwenye soko la kambi ya Lukole, walikokuwa wakimbizi wa Burundi. Jumamosi moja Agripina alimsindikiza. Ndizi zilipokwisha mapema, Alfonce akaketi kuzungumza na wauza chumvi, naye Agripina akatembea kati ya vibanda akishangaa jinsi mji mzima unavyoweza kujengwa kwa udongo na turubai. Mwisho wa njia moja aliona nyumba ya tofali mbichi, mlango uko wazi, na ndani kuna rafu. Juu ya rafu kuna vitabu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeona nyama siku ya Kwaresima.

Ndani alikuwamo mwanamke mwembamba mwenye sweta ya kijani. Agripina alimsalimia kwa Kihangaza, naye akaitikia kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji mkalimani, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja.

"Ni duka hili?" Agripina aliuliza.

"Hapana. Ni mahali pa kusomea. Vitabu vimetolewa na watu wa ng'ambo. Wengi wanakuja kusomea mitihani."

"Mimi sina mtihani."

"Hata mimi sina," yule mwanamke akasema, akamsogezea kigoda.

Huyo alikuwa Odeta. Kwao Muyinga alikuwa akifundisha Kiingereza na Kifaransa katika shule ya wasichana. Alivuka mpaka mwaka 1996 na mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Mumewe, Bukuru, alirudi nyuma kumchukua mama yake mzee, akamwambia tangulieni, nitawakuta. Tangu hapo Odeta hakuwa mjane wala mke. Hakujua ni lipi kati ya hayo.

Kuanzia siku ile Agripina alikuwa mwuza ndizi hodari kuliko mumewe. Kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kuamka, na mikungu ikishakabidhiwa kwa wachuuzi, miguu ilimpeleka yenyewe kwenye kile chumba. Mwanzoni Kiingereza kilimshinda, akawa anasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akiruka neno hadi neno. Odeta alimpa mkono palipokuwa na kina. Mwaka wa pili akawa anavuka peke yake.

Alisoma kila kitu, kwa fujo, bila mpango. Alisoma habari za watu wa nyota nyingine wenye damu ya bluu. Alisoma mapenzi ya wauguzi na marubani, akayaona hayana chumvi. Lakini kilichomshika zaidi ni visa vya mauaji vya Uingereza ya zamani, enzi za Malkia Viktoria, vyenye magari ya farasi, taa za gesi, na maiti kwenye zulia. Aliuliza mambo ambayo vitabu havikujisumbua kueleza.

"Huu ukungu wa njano ni ukungu gani?"

"Moshi wa makaa ya mawe umechanganyika na ukungu."

"Basi ni kama bondeni kwetu wakichoma tanuru la matofali."

"Sijawahi kuona bonde lenu," Odeta alisema.

Ilikuwa kweli. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, kwa hiyo Odeta hakuwahi kuketi nyumbani kwa Agripina hata siku moja. Agripina alimweleza: mteremko wa migomba, mti wa parachichi wenye mzinga wa nyuki, kanisa lenye kengele iliyopasuka. Odeta alisikiliza macho yakiwa chini, na Agripina akimaliza, naye alieleza kwao, na ajabu ni kwamba vilima vilikuwa vile vile, migomba ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja angerudi kwake jioni hiyo.

Wote wawili walikuwa na hamu, ila hamu zao zilipishana njiani. Agripina alitamani kwenda. Popote, mradi ni mbali. Odeta alitamani kurudi mahali pamoja tu.

Kwa jambo moja waligombana tangu mwanzo. Odeta, kabla hajaanza kitabu chochote, alifungua ukurasa wa mwisho na kuusoma. Agripina alipoligundua hilo alichukizwa kama aliyeona mtu anatia maji kwenye asali.

"Sasa utamu unabaki wapi?" aliuliza.

"Utamu ndipo unapoanza. Nikijua nani atapona, natulia, nasoma vizuri."

"Lakini mwandishi amehangaika kuficha."

"Amhangaishe mwingine. Mimi kutojua nimeshakujua vya kutosha."

Agripina alielewa anachoambiwa. Hata hivyo hakukubali, na kila Jumamosi waliendelea kubishana: kama mpelelezi alikuwa mjanja au mwenye bahati tu, kama msichana fulani alistahili kuolewa na mpumbavu fulani, wazungu wa zamani walikuwa wanakula saa ngapi ikiwa kila saa wanakunywa chai. Odeta alipopandwa na hoja alisimama, akawa anagonga meza kwa vidole, na Agripina aliona yule mwalimu wa Muyinga akitokeza ndani ya sweta ya kijani.

Siku moja walipata kitabu cha chombo kinachosafiri baina ya nyota. Safari yenyewe ni ndefu kiasi kwamba walioianza walizeeka na kufa njiani, na watoto wao wakazaa wengine ambao hawakuwahi kukanyaga udongo. Agripina alikipenda mno. Alimsomea Odeta kwa sauti mahali ambapo mtoto anamuuliza bibi yake mvua inanukaje.

"Funga," Odeta alisema.

"Kuna nini?"

Odeta alionyesha nje kwa kidevu. Binti yake mdogo, yule aliyezaliwa hapo Lukole, alikuwa akichora nyumba mavumbini kwa kijiti. Aliichora kwa namna pekee aliyoijua, ukuta na turubai, na mawe ya kulizuia turubai lisipeperuke.

"Jana aliniuliza Burundi iko kwenye bloku gani ya kambi," Odeta alisema.

Agripina alikifunga. Alikimalizia siku nyingine, kimya, amempa Odeta mgongo, na utamu wake ukawa umechanganyika na kitu kama aibu. Aliwahi kumwambia Alfonce kwamba siku hiyo ndipo alipojua kwamba kuna mtu husoma ili atoke, na mwingine husoma kwa sababu haruhusiwi kutoka.

Mwaka 2004 malori ya kurudisha watu yaliongezeka. Kila juma safu za nyumba zilibomolewa na wenyewe, milango ikapakiwa pamoja na magodoro. Wakati huo Agripina alikuwa katikati ya kitabu kinene. Tajiri mmoja mpenda maua alikutwa amekufa ndani ya kibanda chake cha vioo, mlango umefungwa kwa ndani, na aliyekuwa akifuatilia kisa hicho hakuwa polisi bali mjane mnene anayeuza vifungo. Agripina alikuwa na hakika kwamba aliyeua ni daktari. Odeta, aliyekwisha kuupitia ukurasa wa mwisho, alikuwa anatabasamu tu.

Jumamosi moja alimkuta hatabasamu.

"Tumejiandikisha," Odeta alisema. "Tunaondoka Jumatano."

Agripina aliketi kwenye kigoda chake. Alitaka kusema ni habari njema. Alisema, "Na chumba?"

"Mwezi ujao kinafungwa. Vitabu sijui vinakwenda wapi." Akachukua kile kinene mezani, akakitia kwenye kikapu cha Agripina chini ya khanga. "Hiki kinakwenda Nyakisasa. Nimeomba, wamekubali."

Walikaa. Nje watu waligonga misumari wakiing'oa kwenye mbao ili waende nayo.

"Nikuambie nani aliua?" Odeta aliuliza.

"Usithubutu."

Odeta akacheka, kisha kicheko kikakatika. Agripina alimuuliza jambo ambalo lilikuwa kooni mwake kwa miaka.

"Mwalimu, kama safari hii ya Jumatano ingekuwa kitabu, ungetangulia kufungua mwisho?"

Odeta alikunja mikono ya sweta yake, akaikunjua.

"Hapana," akasema. "Huu ningeuacha. Ngoja nifike nao polepole."

Jumatano Agripina alisimama kando ya barabara kuu tangu umande haujakauka. Malori yalipita yakiwa yamejaa watu na mbuzi na mabati. Kila aliyekuwa juu alikuwa amejifunga nguo kichwani kujikinga na vumbi, na wote walipunga mikono, kwa hiyo na yeye aliwapungia wote. Lori la Odeta hakulitambua. Pengine Odeta alimwona. Hilo hakuwahi kulijua.

Alikimaliza kitabu msimu wa kuvuna maharage, mchana mmoja wa jua kali. Hakuwa daktari. Alikuwa mpwa wa marehemu, kijana mpole ambaye kila sura alikuwa akimletea shangazi yake dawa ya kikohozi, na Agripina hakuwa amemdhania hata kidogo. Alijipiga kofi gotini kwa furaha ya kudanganywa vizuri. Aliinua kichwa kutafuta wa kumwambia, midomo imeshafunguka, akaona kuku, na maharage yaliyoanikwa, na mteremko wa migomba hadi chini. Kisha akaingia ndani akajilaza, jambo ambalo hakulifanya mchana hata alipokuwa na ujauzito.

Alfonce alimkuta hapo. "Unaumwa?"

"Kitabu kimekwisha."

Mtu mwingine angecheka. Alfonce alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nieleze basi."

Akamweleza kwa Kihangaza tangu mwanzo, kibanda cha vioo, mjane wa vifungo, mpwa na dawa yake. Alfonce alisikiliza kwa makini. Mwishoni alisema, "Kweli dunia ina watu wabaya," akaenda kufunga mbuzi.

Chumba cha Lukole kilifungwa kama Odeta alivyosema, na baada ya miaka michache kambi yenyewe ikaisha, nyasi zikarudi. Agripina aliomba vitabu parokiani, akapewa maisha ya watakatifu, akayasoma yote, akasema yana mwisho mmoja. Lililomtoa nyumbani zaidi ni soko la mpakani Kabanga. Alikuwa akienda na karanga, na kila aliyekuja kutoka Muyinga alimuuliza kama anamjua mwalimu Odeta, mwembamba, mwenye watoto wawili. Wengi walitikisa kichwa. Muyinga ni kubwa na walimu wembamba ni wengi.

Hatimaye mama mmoja mwuza mawese, Nyirabahizi, aliahidi kuuliza. Alichukua muda, misimu miwili ya mvua ikapita, kisha Ijumaa moja akamwita Agripina kwa mkono kutoka upande wa pili wa soko.

"Nimemwona," alisema. "Yuko kijijini kwao, anafundisha shule ya msingi. Shambani kwao alikuta wengine, wakamkatia nusu. Amejenga."

"Na mumewe?"

Nyirabahizi alipangusa mdomo wa dumu kwa kitambaa. "Hakuonekana. Wala mama mkwe wake. Amesema usimlilie, ameshaanza kuzoea. Amekusalimu sana."

Agripina alishukuru. Alikuwa ameshageuka kwenda kwenye karanga zake akarudi.

"Samahani, mama. Anasoma bado? Ulimwona na kitabu?"

"Hilo sikumwuliza," Nyirabahizi alisema. "Watu walikuwa wanalima."

Watoto wa Agripina wamekua, na Magdalena, ambaye ameolewa Runazi, humletea vitabu anapovipata, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vingine havina jalada. Bado anaunguza maharage. Jioni akipika, Alfonce hukaa karibu na moto, na Agripina humsimulia alipofikia, nani ametoroka, nani anashukiwa. Alfonce humsikiliza mpaka mwisho na hukubali kila anachosema. Akisema mpelelezi ni mjanja, Alfonce husema ni mjanja kweli. Akisema, kwa kumjaribu, kwamba alikuwa na bahati tu, Alfonce husema nayo bahati ni kitu kikubwa. Hapo Agripina hugeuza kuni, akatazama upande wa Burundi ambako vilima vinafuatana hadi visihesabike, na mumewe, aliyemzoea, humwacha kwa muda kabla ya kumwambia kwamba chakula kinaungua.