Darasa Lililoogopa Kidole

Nilirudi Othaya wakati wa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau vikiendelea, nikiwa na diploma ya ualimu, na sikumficha mtu habari hiyo. Nilitumwa kuwasaidia walimu wa vijiji vya lazima, ambako serikali ya kikoloni iliwahamishia watu kwa nguvu. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa karibu kufukuzwa kwa kuwa darasa lake halikujibu maswali.

"Basi wewe na diploma yako, wafanye waseme," aliniambia.

Niliketi nyuma nikatazama. Kila alipomnyooshea mtoto kidole, wote waliinamisha vichwa. Nikaelewa papo hapo. Kwenye misako ya askari, msaliti aliyefunikwa gunia kichwani akikunyooshea kidole, unapakiwa kwenye lori kupelekwa kizuizini.

"Mwalimu, usimchague mtu," nilimnong'oneza. "Wote waandike jibu kwenye vibao vyao, waviinue pamoja."

Akauliza saba mara nane. Vibao vyote vikapanda kwa mpigo, na kwa mtazamo mmoja akajua nani amekosea. Nilitaka kuruka juu ya dawati.

Ijumaa mkaguzi alikuja, akaona vibao vikipanda, akaandika kwamba mwalimu abaki. Kisha akauliza mbinu ile ni ya nani. "Yangu," nilijibu kabla mama yule hajafungua kinywa.