Beseni la Maji ya Moto

Asubuhi moja ya baridi kali, binti yangu alijifungua katika zahanati moja huku Kalambo. Mke wangu akaja na beseni la maji ya moto amwogeshe mjukuu. Muuguzi, mama anayekaribia kustaafu, akalizuia beseni kwa kiganja.

"Leo haogi, bibi. Alale kifuani kwa mama yake apate joto."

"Nesi, si ni wewe uliyemwogesha binti yangu siku aliyozaliwa?"

"Ni mimi. Ndivyo nilivyofundishwa. Sasa nimefundishwa tena."

Mke wangu akaweka beseni chini.

Nilimshukuru muuguzi kwa kumwogesha binti yangu, nikamshukuru zaidi kwa kukataa mjukuu aogeshwe. Yale maji nilinawia miguu mimi.