Roki ya Kijapani Kwenye Basi la Bailey

Juzi, kwenye basi la barabara ya Bailey hapa Buffalo, Marekani, binti wa Kirundi mwenye gitaa alikuwa akiimba polepole wimbo wa roki kutoka Japani.

"Mwanangu, acha hicho Kijapani chako, watu wanatutazama," mama yake akamnong'oneza.

Bwana mmoja Mjapani akageuka, akamwuliza jambo kwa lugha yake. Binti akamjibu bila kusita. Bwana akavua kofia, akamwinamia mama.

"Amesemaje?" mama akamwuliza binti.

"Ameuliza niliishi mji gani wa Japani. Nimemwambia nimejifunza kwa nyimbo tu, nyumbani kwa mama."

Mama akanyoosha mgongo.

"Haya, imba. Tena kwa sauti!"

Wazazi tunaolalamika kwamba watoto hutujibu Kiingereza, tutege sikio: huenda wana hata lugha ya tatu.